Mogadishu Tuliyoonyeshwa

Sisi tunaofundisha Kiswahili hapa Rugaaga, jirani na makazi ya wakimbizi ya Nakivale, tuna wanafunzi ambao kila mmoja huja na lugha yake: Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na Wasomali, bila kuwasahau Wanyankole wenye nchi. Jioni moja tuliona vema tuwaonyeshe watu wazima wa darasa letu filamu ya Kikorea iitwayo Escape from Mogadishu, ya mwaka 2021, tuliyoipata Mbarara. Ilikuwa na maandishi ya Kiingereza chini yake, nasi tukajitwika kazi ya kuyafasiri kwa sauti.

Msingi wa kisa chake ni wa kweli. Mwezi Januari 1991, serikali ya Siad Barre ilipokuwa ikianguka, mabalozi wa Korea mbili, ya Kusini na ya Kaskazini, waliokuwa mahasimu, walilazimika kuukimbia mji pamoja na watu wao. Mwongozaji Ryoo Seung-wan aliijenga Mogadishu yake huko Essaouira, nchini Moroko. Magari ya kutorokea yalifunikwa vitabu ili kuzuia risasi, na hapo darasa zima likacheka. Sisi walimu tulicheka kwa sababu zetu wenyewe. Lililotupendeza zaidi ni kwamba Wakorea wa Kaskazini waliposema, maneno yao yaliandikiwa hata watazamaji wa Kusini, ingawa lugha ni moja. Tulikwisha kutayarisha somo zima la lahaja juu ya jambo hilo.

Somo hilo halikufundishwa. Mama mmoja, ambaye mwezi ule wa 1991 alikuwa mtoto wa miaka tisa mjini humo, aliinua mkono.

"Mwalimu, watu wa kwetu wote wako barabarani. Hakuna hata mmoja mwenye nyumba?"

Tukajaribu kueleza kwamba Wakorea walikuwa wakisimulia mfarakano wa taifa lao, na kwamba mwenye hadithi hujiweka katikati. Alisikiliza kwa adabu, kisha akaongeza:

"Na wale waasi umewaita majambazi. Kaka yangu alikuwa miongoni mwao."

Kweli tulisema hivyo. Maandishi ya Kiingereza yalitaja waasi tu. Jambazi tulilichota katika vibanda vya video, ambamo wafasiri hulirusha neno hilo kwa kila mwenye bunduki. Wakorea tungeweza kuwatetea kwa hoja za sanaa, lakini neno lile lilitoka kinywani mwetu. Tuliomba radhi mbele ya darasa, na si rahisi kwa mwalimu wa umri wetu, mwenye stashahada yake.

Juma lililofuata aliileta insha ya kurasa mbili, ambayo hatukuwa tumemwagiza. Ilieleza nyumba ya mama yake huko Hamar Weyne: ngazi, birika la chai, na jirani aliyekuwa akiimba asubuhi. Tulisahihisha ngeli mahali pawili, tukamrudishia, naye akauliza kama anaweza kuisoma kwa sauti.