Tabu ya Kwetu Buru

Kama umelelewa Buruburu, unajua kile kitu kiko bafuni juu, kirefu kama mtumbwi, na hujawahi kuona mtu akioga ndani yake. Kwetu tunaiita tabu, na jina limeifaa. Nyumba hizi zilijengwa miaka ya 1970 na mwanzo wa 1980, na nadhani aliyezichora aliona baba fulani ametoka ofisini, amejilaza kwa maji ya moto, anasoma gazeti. Manze, angejua.

Leo tabu ni tangi. Maji yetu mengi Nairobi yanatoka Ndakaini, Murang'a, bwawa lililokamilika 1994, na tangu hapo jiji halijaacha kukua. Kwa hivyo ni mgao. Upande wetu maji huja Alhamisi usiku. Mathe anajaza tabu karibu lita 150, na hayo ndiyo ya kufua, kuosha vyombo na kumwaga chooni mpaka Alhamisi ingine.

Sasa ikaanza kuvuja. Ukilala imejaa, asubuhi imeshuka vidole viwili, na kizibo kimekazwa vizuri. Shida ilikuwa chini ya ile sahani ya chuma yenye matundu: mpira wa kuzibia ulikuwa umekauka ukapasuka. Fundi akaitisha 2,500. Mimi nani? Mimi ndiye yule wa vidio za "jifanyie mwenyewe". Nikamwambia mathe aweke pesa zake.

Na kazi yenyewe si ngumu, sitawadanganya. Unafungua sahani kwa spana, unakwangua uchafu wote wa zamani mpaka pawe safi na pakavu (hapa ndipo wengi huchoka, usichoke), unaweka mpira mpya, unazungushia silikoni, unakaza. Vitu vyote hadweya vilinigharimu 550. Nilirekodi kila hatua. Saa kumi na moja jioni nilikuwa nimemaliza, nikagusa silikoni kwa kidole, kavu. Nikapost. Watu wakapenda.

Ilikuwa Alhamisi.

Kitu sikujua kuhusu silikoni ni kwamba inakauka kama uji unavyopoa. Juu inashika ngozi haraka, ukigusa unaona iko sawa, lakini ndani bado ni laini. Imeandikwa kwa mrija, herufi ndogo: ngoja saa 24. Mimi niliipa nne. Maji yalikuja saa tatu usiku, na nani atayaacha yapite? Tukajaza. Lita 150 ni kilo 150, na zote zinasukuma chini.

Saa nane usiku mathe ndiye aliamka. Chini ya bafu ni sebule, na sebuleni kuna cherehani yake. Ilikuwa Januari, wiki ya kufungua shule. Mashati meupe ya wateja, dazani mbili, yalikuwa yamekunjwa mezani yakingoja kuchukuliwa asubuhi. Maji yakipita kwa dari ya zamani hayashuki yakiwa meupe, yanashuka rangi ya chai.

Hakunipigia kelele. Afadhali angepiga. Alianza tu kuyaloweka kwa jiki, moja moja, kwa maji ya kununua, maana tabu ilikuwa imebaki tupu. Matano hayakutakata. Kitambaa nililipa mimi, lakini kwa mama wa wenyewe alienda yeye kuomba msamaha.

Ule fundi alipita Ijumaa. Akachungulia, akauliza, "Ulingoja masaa mangapi, kijana?" Nilipomwambia, akacheka, hakuitisha hata mia. "Umekwangua vizuri. Rudia. Lakini fundi hafanyi hii kazi siku ya maji. Anafanya yakishakuja, mkiwa na yenu kwa mitungi."

Hapo ndipo nilielewa shida ya vidio zangu, na zile za majuu tunazoiga. Zinaisha kabla maji hayajaja. Mwenye vidio ya Marekani anafungua mfereji hapo hapo anaona kama inavuja. Sisi tunarekebisha bomba kavu, tunasema poa, halafu majibu yanakuja usiku tukiwa tumelala.

Ijumaa iliyofuata, mitungi ikiwa imejaa, nilirudia. Mpira mwingine, silikoni nyingine. Jumamosi jioni nikamwaga mtungi mmoja tu wa lita 20, nikatandaza gazeti kavu pale chini ya bomba. Gazeti halifichi, hata tone moja linaacha alama. Jumapili asubuhi nililitoa likiwa kavu, mathe akaligeuza pande zote mbili kabla ya kuniamini.

Vidio ya kwanza nimeifuta. Ilikuwa imetazamwa na watu wengi kuliko zote nilizowahi kuweka. Kama uliifuata, na uliijaza tabu yenu usiku ule ule, nenda sasa hivi uweke gazeti chini.