Rejeta Inayovuja na Farasi Anayechechemea

Wengi wetu tunamfahamu Mtakatifu Tomaso wa Akwino kwa zile njia zake tano za kuonyesha kwamba Mungu yupo. Wachache tunajua kwamba aliandika pia kuhusu kuuza farasi. Katika Summa Theologiae, sehemu ya pili ya pili, swali la 77, anauliza kama muuzaji analazimika kumweleza mnunuzi kasoro ya kile anachokiuza. Mifano yake ni ya sokoni kabisa: farasi anayechechemea kuuzwa kama mwenye mbio, nyumba inayotaka kuanguka kuuzwa kama nyumba imara, chakula kilichoharibika kuuzwa kama kizuri. Tuliisoma sehemu hiyo muhula uliopita. Likizo ilipofika nikakutana na farasi mwenyewe nyumbani kwa mjomba wangu, Arusha, ila huyu alikuwa na magurudumu manne.

Mjomba ana Datsun 240Z ya mwaka 1972. Ni gari la milango miwili na viti viwili, boneti ndefu, injini ya silinda sita ya lita 2.4. Vijana wengi hawalijui, lakini wazee wa huku wakiliona husimama. Gari la aina hiyo ndilo lililoshinda mbio za Safari mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Enzi hizo zilikuwa bado mbio za Afrika Mashariki, na watu walijipanga barabarani usiku kucha kusubiri magari yapite. Mjomba alikuwa mtoto wakati huo. Alipopata uwezo alilinunua la kwake kwa mzee mmoja mkulima wa kahawa, na amelitunza miaka mingi.

Sasa alikuwa analiuza. Binti yake amepata nafasi katika chuo cha uuguzi, na ada haingoji. Mnunuzi kutoka Moshi alisema atakuja Jumamosi kuliona na kulijaribu. Jumatatu asubuhi mjomba alikuta maji ya kijani yametuama chini ya gari, upande wa mbele.

“Frateri,” aliniambia, “hili likichemka mbele ya mgeni, ada ya mtoto imekwenda.”

Jirani aliyekuwa amesimama nasi alikuwa na jibu tayari. Dukani kuna dawa ya kumimina ndani ya rejeta, ikaziba tundu yenyewe. Na kama hela hakuna, madereva wa zamani walitumia ute wa yai au pilipili manga ya unga. Ni kweli kwamba mambo hayo huziba. Chembe zinazunguka na maji, zinakimbilia pale maji yanapotokea, zinagandamana hapo. Tatizo ni kwamba chembe hazijui tundu lipi ni baya na lipi ni zuri. Mirija ya rejeta ni myembamba, nayo huanza kuziba. Gari linaweza kukaa kavu siku kadhaa, hata wiki kadhaa, kisha likaanza kuchemka mlimani na mwenye gari asijue kwa nini. Kwa shughuli ya Jumamosi, siku kadhaa zingetosha.

Mjomba alinitazama. Nilimwomba anipe siku mbili tulitengeneze wenyewe. Fundi mmoja mjini alikuwa ameshauri rejeta mpya ya alumini, kwa bei ambayo ingemeza ada ya muhula mzima. Lakini rejeta ya zamani kama hii ina faida moja: mirija na matangi yake ni ya shaba, yameunganishwa kwa lehemu, na kilichounganishwa kwa lehemu kinaweza kulehemiwa tena. Magari mengi ya siku hizi yana rejeta za alumini zenye matangi ya plastiki, na hizo huwezi kuzifanyia hivyo. Kabla ya kuingia malezi nilisoma sekondari ya ufundi, kwa hiyo kulehemu haikuwa kazi ngeni kwangu.

Tuliacha injini ipoe usiku mzima. Mfuniko wa rejeta haufunguliwi injini ikiwa ya moto. Maji yaliyobanwa humo hulipuka kuwa mvuke na kuunguza uso na mikono. Asubuhi tulimwaga maji kwenye karai na kuliweka mbali na mbwa, kwa maana kulanti ni sumu yenye ladha tamu na mnyama huinywa kwa hiari. Tukalegeza klipu, tukavuta mipira miwili ya maji, tukafungua bolti nne, rejeta ikatoka.

Kutafuta tundu ni kama kutafuta pancha ya baiskeli. Tundu moja la rejeta tuliliziba kwa kipande cha mti kilichozungushiwa mpira. Lingine tulilifunika kwa kipande cha tyubu ya baiskeli chenye valvu, tukakibana kwa klipu. Tukafunga mfuniko, tukaizamisha rejeta kwenye pipa la maji, mjomba akapiga pampu taratibu. Viputo vikatoka kwa mstari, urefu wa kama kidole, pale tangi la juu linapokutana na bamba la mirija. Kwingine kote palikuwa kimya.

Hapo tungeweza kulehemu na kumaliza. Lakini wakati wa kufunga mfuniko nilikuwa nimesoma namba iliyogongwa juu yake: 1.3. Kitabu cha gari, ambacho mjomba amekihifadhi kwenye mfuko wa nailoni, kinataka 0.9, yaani kilo 0.9 kwa kila sentimita ya mraba. Mfuniko wa rejeta hauzuii maji yasimwagike tu, bali hushikilia kanieneo. Arusha iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,400, na maji katika sufuria wazi huchemka hapa kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Yakifungiwa kwa mfuniko wa 0.9, hayachemki hadi yapite nyuzi 110. Ndiyo maana tundu dogo tu linaweza kuchemsha gari: maji bado yamo, lakini kanieneo imeondoka.

“Huu mfuniko ulitoka wapi, mjomba?”

Akakumbuka. Miaka miwili nyuma gari lilianza kuchemka kwenye mlima, fundi akaweka mfuniko mgumu zaidi, na gari likaacha kuchemka. Wote walifurahi. Tulipoishika rejeta na kuitazama dhidi ya mwanga, tukaona kisa chote. Mapezi membamba yaliyo kati ya mirija yalikuwa yamejaa vumbi, mbegu za nyasi na wadudu waliokauka, hata hewa haikuwa na pa kupita. Gari lilichemka kwa sababu halipumui. Mfuniko wa 1.3 ulisogeza mbele kiwango cha kuchemka, dalili ikapotea, na mzigo wote ukahamia kwenye kiungo chenye umri wa karibu miaka hamsini. Kiungo kikaachia.

Mwanzoni mwa Metafizikia, Aristotle anatofautisha mtu mwenye uzoefu na mtu mwenye ufundi. Wa kwanza anajua kwamba jambo liko hivi; wa pili anajua kwa nini liko hivi. Darasani tofauti hiyo ilinionekea ndogo. Pale uani niliona gharama yake. Kila aliyeshika gari lile alijua kitu cha kweli: fundi alijua kwamba mfuniko mgumu huzuia kuchemka, jirani alijua kwamba unga huziba. Hakuna aliyesema uongo. Lakini kila tiba ilificha dalili ya ugonjwa uliotangulia, na kama tungemimina unga, tungekuwa tumefunika kasoro ya tatu juu ya mbili.

Basi tukaanza na mapezi. Tuliyaosha kwa maji ya mpira kutoka upande wa injini kwenda mbele, ili uchafu urudi ulikoingilia, na yaliyopinda tukayanyoosha kwa bisibisi ndogo. Kisha kiungo. Lehemu haishiki penye uchafu, hata ukiipa moto kiasi gani. Inafanya vidonge na kudondoka. Tulisugua kwa brashi ya waya na msasa mpaka shaba ikang’aa, tukapaka asidi ya kulehemu, tukaweka vitambaa vilivyoloa maji pande zote mbili ili joto lisiyeyushe viungo vizima vya jirani. Kazi yote ilifanyika nje, kwa sababu lehemu ya zamani ina risasi na moshi wake si wa kuvuta. Metali ilipopata joto la kutosha, lehemu ilitiririka yenyewe na kuingia katika ufa. Tukaisuuza, tukairudisha kwenye pipa, mjomba akapiga pampu. Hakuna kiputo.

Mfuniko wa 0.9 tuliupata duka la vipuri kwa bei ndogo, maana magari mengi ya Kijapani hutumia kipimo hicho. Tulijaza maji na kulanti nusu kwa nusu, tukawasha injini mfuniko ukiwa wazi mpaka hewa yote itoke, tukafunga. Alhamisi tuliendesha hadi Monduli, mlima wote, na mshale wa joto haukupita katikati. Usiku tulitandika magazeti chini ya gari. Asubuhi yalikuwa makavu.

Ijumaa jioni ndipo tulipobishana. Mjomba alisema: “Tumeshatengeneza. Kasoro haipo tena. Nina sababu gani ya kumwambia mtu kwamba liliwahi kuvuja?” Swali lake ni zuri, na Tomaso hamwonei muuzaji. Anasema kasoro iliyo wazi, kama farasi mwenye jicho moja, muuzaji halazimiki kuitangaza, mradi apunguze bei inavyostahili. Wajibu unamfunga pale kasoro inapofichika na inaweza kumletea mnunuzi hasara au hatari. Je, kiungo kilicholehemiwa vizuri ni kasoro?

Nilimjibu kadiri nilivyoona. Kiungo ni kizima leo. Lakini rejeta ni ileile ya zamani, aliyeilehemu ni mpwa wako na si karakana yenye dhamana, na huyu bwana ataliendesha kwenye barabara ndefu. Akijua, atakagua maji kila wiki na hatakubali mtu amwekee mfuniko mgumu. Asipojua, anaweza kuua injini akiwa hajui anaangalie nini. Kumwambia si kulishusha gari, ni kumkabidhi gari pamoja na habari zake. Mjomba hakujibu. Aliingia ndani kula.

Jumamosi mnunuzi alifika. Mjomba alifungua boneti mwenyewe, akamwonyesha mstari mpya wa lehemu, akatoa mfuniko wa zamani mfukoni na kumweleza habari yote tangu mapezi. Yule bwana alisikiliza, akaendesha, akarudi, akapunguza laki tano. Mjomba akakubali. Ada ya muhula wa kwanza imelipwa. Ya muhula wa pili haijatimia, na familia bado inatafuta.

Siwezi kusema kwamba ukweli ulilipa. Kwa hesabu ya siku ile ulipunguza. Ila nimeona jambo moja ambalo sikuliona nilipokuwa nasoma swali la 77. Kabla ya Jumamosi nilidhani uaminifu wa muuzaji unaanza pale anapofungua kinywa. Kumbe kwa mjomba ulianza Jumanne, tulipoing’oa rejeta badala ya kumimina unga. Mtu aliyemimina unga hawezi kufungua boneti na kueleza; kazi yake inaharibika ikielezwa. Aliyetafuta sababu hadi mwisho ana cha kuonyesha, hata kama kinamgharimu.

Wapendwa, wengi wetu tutauza kitu kabla ya mwaka kwisha: pikipiki, ng’ombe, simu, kiwanja. Tuwaombee wanaouza kwa sababu ya shida, maana hao ndio wanaojaribiwa zaidi. Na ukiona maji ya kijani chini ya gari lako, subiri injini ipoe, kisha usome namba iliyo kwenye mfuniko.