Mganga wa kienyeji ni mlango wa kwanza

Ebola ilipotangazwa Mangina, Kivu ya Kaskazini, tarehe 1 Agosti 2018, familia nyingi zilipeleka mgonjwa kwanza kwa mganga wa kienyeji. Ni jirani, anajua lugha yao, anauliza pia habari za ugomvi wa nyumbani. Lakini mkono uliomgusa mgonjwa mmoja ulimgusa na mwingine, na waganga wenyewe waliambukizwa. Hadi ugonjwa ulipotangazwa kuisha tarehe 25 Juni 2020, watu zaidi ya 2200 walikuwa wamekufa. Katikati ya msiba huo, kuna waganga waliofundishwa dalili, wakaanza kutuma wagonjwa hospitalini. Mama aliyekimbia vita atamwamini mganga kabla ya gari la wageni. Basi wenye kupigana na magonjwa wakae naye chini, wasimtukane.