Alama Shavuni

Muhula niliokaa Uingereza kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi nilijifunza mambo mengi, na mengi yake nimeyaandika katika ripoti ya idara. Hili sikuliandika.

Rafiki niliyekuwa nikikaa naye bwenini alinialika Jumamosi moja kwenye klabu ya wanafunzi ya kulenga shabaha. Shabaha zenyewe ni visahani vya rangi ya machungwa, vyenye upana wa milimita 110, vinavyorushwa hewani na mashine. Huitwa visahani vya udongo, ingawa siku hizi ni lami iliyochanganywa na unga wa mawe ya chokaa. Sheria ya huko inamruhusu mtu asiye na leseni kuazima bunduki ya marisau katika uwanja uliokubaliwa na polisi, kwa hiyo hata mimi mgeni nilipewa. Nilipasua visahani vitatu kati ya 25, nikarudi bwenini na furaha. Kesho yake mfupa wa shavu la kulia ulikuwa umevimba, na chini yake pana alama ya zambarau.

Jumapili ndiyo siku yetu ya kuzungumza na mama kwa video. Yeye yuko Gulu. Hata salamu hatukumaliza.

"Nani amekupiga?"

"Hakuna, mama. Nilijigonga mlangoni."

Kila mwanamke anajua maana ya mlango huo. Mama alinyamaza, kisha akauliza kama mwanamume mwenyewe ni Mzungu au ni mtu wa kwetu.

Kwa nini sikusema kweli? Wenzangu wa Uganda hawahitaji maelezo marefu. Kwetu, tangu enzi za King's African Rifles, Kiswahili kilijulikana kama lugha ya askari. Mama alikisikia kwa mara ya kwanza kwenye vizuizi vya barabarani, miaka aliyoishi kambini wakati wa vita vya kaskazini. Nilipochagua kukisoma chuoni alikubali kwa shida. Sasa nimwambie pia kwamba nimeshika bunduki, tena kwa mchezo?

Ningeweza kuacha. Lakini nilikuwa nimevipenda vile visahani, na ule mshangao wa kuona kitu kinapasuka pale pale nilipotazama. Nikaamua nijifunze kupiga bila kuumia, alama ipotee, na mama asahau. Jumamosi ya pili niliumia zaidi.

Mzee aliyekuwa akitusimamia, mkulima mstaafu, alilitazama shavu langu akasema, "Unaiogopa. Ndiyo maana inakupiga."

Alinieleza hivi. Bunduki ikilia hurudi nyuma, na mdomo wake huinuka. Shavu likiwa limegandamana na kitako, kichwa na bunduki husogea pamoja, na mtu husikia kusukumwa tu. Ukiacha nafasi, hata ya unene wa kidole, ile mbao hupata mwendo kabla ya kukufikia, na hapo huwa ni kofi. Mimi, kwa kulikwepa kofi la wiki iliyopita, nilikuwa nikiinua uso kidogo kila nilipotaka kufyatua. Nafasi ile nilikuwa naitengeneza mwenyewe.

Kisha akaitazama bunduki. Ilikuwa imetengenezwa kwa mtu mrefu. Kitako kilinizidi, nikawa nanyoosha shingo kukifuata. Tena ukingo wa juu wa kitako, pale shavu linapokaa, ulikuwa unateremka kuelekea begani. (Katika daftari langu niliuita mgongo wa kitako. Mwalimu wa istilahi akiwa na neno bora, nitashukuru.) Fikiria kabari: bunduki ikirudi nyuma, ile sehemu ya mbele iliyoinuka inaingia chini ya mfupa wa shavu. Mzee akanitafutia bunduki nyingine, fupi, ambayo mgongo wake uko sambamba na mtutu. Risasi za gramu 28 za marisau akazibadilisha kwa za gramu 21. Akaniambia pia nianze na mtutu wa chini, kwa kuwa uko karibu zaidi na usawa wa bega na hauinui sana mdomo wa bunduki. Wapo wanaobandika kipande cha sponji kwenye mgongo wa kitako. Husaidia, lakini huinua jicho, na marisau huanza kupita juu ya kisahani. Mzee hakupenda nianzie hapo.

Zoezi lenyewe halikuhitaji hata risasi moja. Bunduki tupu, iliyokaguliwa naye na mimi, mtutu ukielekea uwanjani. Nafumba macho, naiinua mpaka iguse shavu na bega kwa wakati mmoja, nafumbua. Kichwa hakiinami kuifuata bunduki. Bunduki ndiyo inayopanda kukifuata kichwa. Nilirudia hivyo mpaka mikono ikatetemeka.

Huku nyuma, Gulu, mlango wangu ulikuwa umekua. Mama alimweleza shangazi, shangazi akamweleza kaka yangu, na kaka akaniandikia kwamba anatafuta namba ya polisi wa Uingereza. Nikampigia mama siku hiyo hiyo, ingawa ilikuwa Jumatano, nikamwambia kila kitu.

Alikaa kimya hata nikadhani mtandao umekatika.

"Ulianza na lugha ya askari," akasema. "Sasa na kazi yao."

Nikamweleza habari za visahani, mzee, kitako. Nilijisikia nikieleza mno. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza visahani hivyo vikipasuka nani huviokota.

"Vingine huachwa pale pale, mama."

"Wanavunja vyombo hivi hivi tu," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu Jumapili ile sauti yake ikawa ya kawaida. Hakusema niendelee. Hakusema niache.

Jumamosi iliyofuata nilipasua visahani 14 kati ya 25. Jumapili simu ilipoita, mama hakusalimu.

"Lete shavu."

Nikageuza la kulia, nikalisogeza karibu na kamera.

"Na la pili."