Tanga na Madumu

Msomaji, hata kama hujapata kuiona bahari, yamkini unaijua picha yake: jahazi moja lenye tanga jeupe, jua linalozama, na mnazi ulioinama pembeni kana kwamba umeamriwa uiname. Picha hiyo huchapishwa katika kadi za posta na kalenda. Mimi niliiona kwanza katika kalenda iliyotundikwa dukani kwa mjomba wangu, nikaazimia kwamba siku nitakapopata kamera nitakwenda kupiga yangu.

Siku hiyo ilifika nilipokuwa na umri wa miaka 20. Niliazima kamera ya rafiki, nikanunua filamu moja ya picha 36, maana fedha yangu haikutosha kununua ya pili. Nikasafiri hadi Shimoni, katika pwani ya kusini ya Kenya, ili nivuke kwenda kisiwa cha Wasini. Kisiwa hicho ni chembamba, urefu wake kama kilomita 5, wala hakina motokaa. Hakina mto wala chemchemi pia. Tangu kale wenyeji walikinga maji ya mvua, na mvua ilipokawia walivusha maji kutoka bara. Mashua iliyonichukua ilikuwa ya injini, imejaa madumu ya maji. Nami niliketi juu ya dumu moja huku macho yangu yakitafuta jahazi.

Jioni nilisimama ufukweni. Jahazi lililokuwa limewapeleka watalii kutazama matumbawe na pomboo huko Kisite lilikuwa likirudi, limetweka tanga. Lo, ndilo lile la kalenda! Lakini mashua ya madumu ikakatiza mbele yake. Niliingoja ipite, kama mtu angojaye nzi aondoke usoni, kisha nikapiga picha tatu.

Bibi aliyenikaribisha nyumbani kwake aliniuliza usiku ule nimepiga picha gani. Nilipomweleza alicheka, akafungua kasha lake, akatoa kadi ya posta aliyoachiwa na mgeni mmoja. Lilikuwamo jahazi lile lile, au pacha wake, na jua lile lile.

“Mwanangu,” akasema, “tanga lile hutwekwa wageni wakiwamo. Wakishuka, nahodha huwasha mashine. Ungeniambia mapema ningekupa hii, usiharibu filamu yako.”

Nililala na fedheha, nikaamka na nia mpya: nitapiga picha ambazo hazijapata kupigwa na mtu. Nililala chali katika bustani ya matumbawe, yale mawe makubwa ya baharini yaliyobaki nchi kavu ambayo maji huyarudia wakati wa bamvua, nikaipiga mbingu katikati ya ncha zake. Nilikitazama kijiji kupitia matundu ya dema. Nilipiga visigino vya watoto. Niliipinda kamera hata msikiti ukaonekana kama unaanguka. Picha hiyo ninayo hata leo, na kila niitazamapo huona haya mbele ya msikiti. Mwisho nikamwona mzee mmoja ameketi kizingitini, nusu ya uso wake gizani. Sikumwomba ruhusa. Nilipiga.

“Kijana,” akaniambia pasipo kupandisha sauti, “mtu atwaaye kitu cha mwenziwe bila kuomba, kwenu huitwaje?”

Sikuwa na jibu. Nilimwomba radhi, akatikisa kichwa, akaingia ndani. Filamu yangu ilikuwa imebakiwa na picha tano.

Hebu tukae hapa kidogo, msomaji, kwa sababu wengi husema kuwa dawa ya picha iliyozoeleka ni kuipiga kutoka mahali pasipozoeleka. Nami nilisadiki hivyo. Lakini nilipokuwa nimelala chali juu ya mawe yale nilikuwa ningali naitazama kalenda ya mjomba, ila safari hii nilikuwa naikimbia. Kando yangu walikuwapo wanawake walioinama, nami sikuwauliza wanachuma nini. Walikuwa wakichuma mboga pwani, ambayo usiku uliotangulia niliila nikaomba niongezwe.

Wala kadi ya posta isionewe bure. Kule Unguja, studio kama ile ya A. C. Gomes, mpiga picha mwenye asili ya Goa, zilitoa kadi nyingi mwanzoni mwa karne ya 20, zikanunuliwa na abiria wa meli. Abiria wa saa chache alitaka picha itakayotambuliwa upesi na jamaa zake walio mbali, na kadi ilimtimizia haja yake. Kosa langu ni kuwa nilikuwa na siku nne, nikatazama kwa macho ya mtu wa saa nne.

Miaka kadhaa baadaye nilionyeshwa kitabu cha picha za Hokusai, mchoraji wa Japani, ambaye katika miaka ya 1830, akiwa mzee wa miaka 70 na ushei, alitoa picha 36 za Mlima Fuji, kisha akaongeza 10. Hapana kitu kilichozoeleka Japani kuliko mlima huo, naye hakuukwepa hata mara moja. Katika picha mojawapo fundi wa mapipa anaranda pipa kubwa lisilo na kitako, na mlima unaonekana mdogo mno ndani ya duara la pipa lake. Nilipoiona nilikumbuka madumu.

Maana siku ya tatu kamera ilibaki imetundikwa ukutani. Maji yalikuwa yamekupwa na mashua haikuweza kufika ufukweni, basi bibi akanituma nikasaidie kupakua. Tuliingia baharini hadi magotini, kila mmoja na dumu begani, tukikanyaga mawe makali. Yule mzee wa kizingitini alikuwa pwani akihesabu madumu na kutaja la nani ni lipi. Nilipofikisha la sita mabega yangu yalikuwa yanawaka, na niliposimama kupumzika niliona jahazi likipita nyuma ya mzee, tanga juu. Halikunishughulisha.

Siku ya nne nilimwendea. “Shikamoo, babu. Naomba ruhusa nikupige picha.”

“Marahaba. Hivi sasa umeuliza. Ngoja.”

Alirudi amevaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia ya viua. Akanipeleka ufukweni, akasimama wima kama nguzo, akaniagiza nihakikishe kuwa jahazi linaonekana nyuma yake! Kisha akamwita mtoto aondoe madumu yaliyokuwa karibu na miguu yake. Nilimsihi ayaache. Akanitazama kitambo.

“Basi yabaki,” akasema. “Ulibeba sita.”

Niliisafisha picha hiyo mjini, nikampelekea kwa posta. Baada ya miezi miwili nikapata barua iliyoandikwa kwa mkono wa mjukuu wake. Mzee alinishukuru sana, akasema picha imetundikwa sebuleni. Tena aliomba nakala ya pili kwa ajili ya binti yake aliyeolewa Vanga, ila katika hiyo ya pili, tafadhali, madumu yakatwe.

Nilimpelekea mbili, moja imekatwa na moja haikukatwa, binti achague mwenyewe.