Barabara za Magogo

Wenzangu wa Tanga ninaoendesha nao baiskeli wakifika Amani kwa mara ya kwanza huuliza jambo moja: mbona mlima hauchoshi? Umeyapita mashamba ya chai ya Kwamkoro, umeingia msituni, bonde liko kushoto na huoni mwisho wake, lakini njia inapanda kidogo kidogo kama inayokuonea huruma. Inakizunguka kila kilima badala ya kukivamia. Huoni gari, husikii honi. Mimi huwajibu kwamba njia hii haikuchongwa kwa ajili ya mapafu yao. Ilichongwa kwa ajili ya lori la magogo, na lori lililosheheni magogo haliparamii mlima.

Nilizikuta barabara hizi zikiwa na kelele. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 msitu wa Usambara Mashariki ulikuwa unavunwa kwa mashine. Tingatinga lilitangulia likichonga njia ubavuni mwa mlima, misumeno ya moto ikafuata, kisha malori yakateremka kwenda viwandani. Mjomba wangu alikuwa utingo wa mojawapo ya malori hayo. Kazi yake, kama alivyotuonyesha mara nyingi nje ya nyumba kwa kutumia kigoda, ilikuwa kuning'inia nyuma akiwa ameshika kipande cha gogo kilichochongwa pembetatu. Lori likianza kurudi nyuma kwenye kona, anaruka chini na kukisukuma kile kipande chini ya tairi kabla dereva hajapiga kelele. Vidole viwili vya mkono wake wa kulia havikukunjika tena, na hakupenda kuulizwa.

Sisi watoto tulikatazwa kucheza barabarani, lakini tuliyajua malori kwa mngurumo wake hata kabla hayajavuka kijito. Yalipopita, tuliokota maganda ya miti yaliyodondoka, tukawapelekea mama zetu wawashie moto. Mtambaa, mkulo, mnyasa: majina ya miti nilijifunza kwa harufu ya maganda yake kabla sijaijua miti yenyewe ikiwa imesimama.

Fedha na utaalamu wa uvunaji ule vilitoka kwa sehemu kubwa Finland. Wanasayansi walipiga kelele kwamba msitu unaokatwa una mimea na wanyama wasiopatikana kwingine duniani, na mwishoni mwa miaka ya 1980 ukataji wa kibiashara ukasimamishwa. Kisha Finland hiyo hiyo ikarudi kugharamia mradi wa kuhifadhi msitu na vyanzo vyake vya maji, kwa kuwa mto Zigi ndio unaoinywesha Tanga. Mjomba aliliona hilo kuwa kichekesho kikubwa. Alikuwa akisema amelipwa na tajiri mmoja kwa kuvunja nyumba, na sasa tajiri huyo anamlipa jirani kwa kulinda matofali.

Lakini Wafini hawakuwa wa kwanza kuchonga njia huku. Wajerumani walioanzisha taasisi yao ya kilimo Amani mwaka 1902 walitaka njia ya kufika huko, nao waliichonga kwa hesabu ile ile ya mzigo mzito. Reli ya Tanga ilikuwa imefika Muheza mwaka 1896. Kutoka Tengeni, jirani na Muheza, wakajenga kijireli chembamba cha kilomita 23 kuingia vilimani mpaka Sigi, kubebea mbao na mahitaji ya kituo. Reli yenyewe imekwisha zamani, lakini nyumba ya stesheni ipo, na leo ndipo mgeni wa hifadhi anapopokelewa. Baadhi ya sehemu ambazo treni ilipita bado zinajulikana kwa miguu: ghafla mguu unahisi ardhi imenyooka, halafu pembeni unakuta ukuta wa mawe ulioota kuvu.

Malori yalipoacha kuja, barabara zilibaki bila mwenyewe. Hapo ndipo baiskeli ilipoingia, na haikuingia kwa matembezi. Ilikuwa Phoenix yenye mtalimbo wa chuma, keria nyuma, na juu ya keria gunia la iliki. Iliki ilistawi chini ya kivuli cha msitu na watu walikuwa wameilima humo kwa miaka mingi. Barabara za magogo zilimfikisha mkulima mpaka kwenye lango la shamba lake. Kupanda, baiskeli unaisukuma. Kushuka, unaiombea.

Breki za vyuma zilimalizwa na tope katika msimu mmoja tu. Baada ya hapo breki ilikuwa kandambili iliyokatwa kutoka tairi la gari. Unainua mguu wa kulia, unaukandamiza kwenye gurudumu la nyuma, chini kidogo ya keria, na kuusogeza mbele au nyuma kulingana na mteremko. Ukikandamiza sana, gurudumu linakaza na udongo mwekundu unakuangusha, hasa Aprili, maana Amani hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka na udongo wake ukilowa ni sabuni. Ukikandamiza kidogo, kandambili inaanza kunuka. Harufu hiyo ya mpira unaoungua ikichanganyika na ya iliki ndiyo iliyokuwa harufu ya siku ya soko.

Njia zilikuwa zinafungwa polepole. Pale tingatinga lilipofungua mwanga, mti wa kwanza kuota ulikuwa mhesi. Huu si mti wa kwetu. Asili yake ni misitu ya kanda ya Ziwa na kuendelea hadi magharibi mwa Afrika, ukaletwa Amani enzi za wakoloni, nao ukaipenda nchi kuliko wenyeji walivyotarajia. Hondohondo wanapenda matunda yake, wanameza mbegu na kuzitawanya. Kwa hiyo mgeni anayesifu jinsi miti ilivyounganisha matawi juu ya barabara mara nyingi anausifu mhesi, mgeni mwenzake. Wataalamu wa misitu hawaufurahii. Mimi nikiwa naendesha saa saba mchana naukubali, japo najua naupendelea kwa sababu ya kivuli.

Mwaka 1997 Amani ikatangazwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia, ya kwanza ya aina hiyo nchini. Likawekwa geti, zikatengenezwa njia za kutembelea, zikawekwa alama. Magazeti yaliandika kuhusu kinyonga, kuhusu ua dogo la zambarau ambalo Baron Walter von Saint Paul-Illaire alilipeleka Ulaya katika miaka ya 1890 na sasa limejaa madirishani kwa watu wasioijua Tanga. Mambo mazuri yote. Lakini ukimya ninaoufuata leo na baiskeli yangu una historia nyingine, nayo huwa siimalizi kwa wenzangu tukiwa njiani.

Huko Derema, katika milima hii hii ya Usambara Mashariki, ili misitu iliyotengana iungane na wanyama wapate mapito, wakulima wa iliki waliambiwa watoke. Watu walikuja na madaftari wakahesabu mashina, shina kwa shina, kwa ajili ya fidia. Shangazi yangu alitembea nyuma yao siku nzima akihesabu kwa sauti yake mwenyewe, kwa kuwa hakuziamini kalamu zao. Fidia ilichelewa, na ilipokuja aliitazama akasema, "Hii ni bei ya iliki. Ya shamba iko wapi?" Leo kijia alichokuwa akipita ni kimya kabisa, na mbega wapo. Nimepita hapo kwa baiskeli nikafurahi, halafu nikajiuliza kama nina haki ya kufurahi. Sijaacha kupita.

Nje ya mpaka wa hifadhi mambo yalikwenda kinyume. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2000 pikipiki za bei nafuu zilifika mpaka vijiji ambavyo lori la magogo lilikuwa limevisahau. Bodaboda aliyebeba magunia mawili na mama mwenye mtoto hahitaji barabara pana. Anahitaji tu ile barabara yenye mteremko mpole. Tingatinga lilikuwa limemwachia. Phoenix zikaegeshwa kuku wakalala juu yake. Mimi siwalaumu. Nani atasukuma gunia kupanda kilima kwa saa tatu ili mtu kutoka mjini asikie ndege?

Swali hili si langu, ni la mpwa wangu, naye anaendesha bodaboda. Aliniona nikiwa nimevaa kaptula ya kubana, baiskeli ina gia na breki za diski, natiririka jasho, akasimama. "Shikamoo mjomba. Imeharibika?" Nikamwambia haijaharibika, nafanya mazoezi. Akaniangalia kwa heshima yote ya mtoto aliyelelewa vizuri, akasema, "Basi pole na mazoezi."

Mgogoro wetu wa sasa ni wa kilalo. Kuna kijito ambacho upande mmoja ni kijiji na upande wa pili ni hifadhi, na mafuriko yalibeba yale magogo mawili yaliyokuwa yamelazwa kuvukia. Sisi wa baiskeli tulitaka yarudishwe mawili, yanatutosha. Vijana wa bodaboda walitaka manne, na mbao juu yake. Nguvu ilikuwa yao na mbao zilikuwa zao. Sisi tulichanga misumari na mchele. Kilalo kikajengwa kipana. Askari wa misitu alikuja, akakikagua, akakisifu, kisha akaagiza upande wa hifadhi lilazwe gogo la kukatiza njia, kwa kimo cha kiuno, ili pikipiki zisiingie.

Kwa baiskeli si tatizo. Unaibeba begani, unaivusha, unaendelea na safari. Pikipiki yenye gunia haibebeki, alisema askari. Jumapili iliyofuata nilikuta vijana wanne wameiinua moja, mpwa wangu akiwa ameshika usukani, na gurudumu la mbele lilikuwa limeshafika upande wa pili.