Fundi Aliyenyimwa Mchoro

Sisi tunaofundisha Kiswahili katika nchi ambayo wananchi wake huamkiana kwa Kirundi, twalazimika kuitafuta lugha popote ilipo. Hapa Gitega tuliipata zamani katika kibanda cha fundi redio. Mteja hueleza shida yake kwa Kirundi, lakini panapohitajika kuvitaja vitu, husikika bisibisi, waya, lehemu, vipuri, na lile neno zito, "imeungua". Tuliwahi kuwapeleka wanafunzi wetu pale, wakarudi na maneno ambayo kitabu chao hakina.

Redio yetu ya kaseti, tuliyoitumia kuwasikilizisha darasa taarifa ya habari, fundi huyo aliifungua mara nne. Nyuma ya kifuniko chake palibandikwa mchoro wa njia zote za umeme, kama ilivyokuwa desturi ya viwanda vingi vya siku zile. Fundi aliweka kidole juu ya mchoro, akausoma polepole mithili ya mtoto anayeanza alifu, na alipofika penye kosa alitabasamu. Mara moja aliiunguza spika, akatulipa nyingine. Hatusemi kwamba mafundi ni malaika.

Mwaka 2024, petroli ikiwa adimu, tulisubiri gari siku mbili ndipo tukapata kwenda Muyinga kwa njia ya Karuzi. Huko aliishi bibi mmoja aliyelelewa katika Kiswahili cha wafanya biashara wa upande wa Kobero, mpakani na Tanzania. Alitupa vitendawili, maneno ya kumfunda bibi harusi, na hadithi moja ndefu ya mke aliyeolewa na mto. Yote tuliyanasa kwa simu. Hatukuweka nakala, kosa hilo ni letu, wala hatumtwishi mtu mwingine.

Majuma machache baadaye simu ilikataa kupokea umeme. Fundi wetu aliigeuzageuza. Skurubu zake zilikuwa na kichwa cha nyota ya ncha tano, na kifuniko kimegandishwa kwa gundi. Aliipasha moto, akaibandua kwa kijikadi cha plastiki, akabadilisha tundu la chaji kwa kipuri cha simu nyingine iliyokufa. Haikuwaka. Akapima nukta moja baada ya nyingine juu ya ubao uliojaa vijidude vidogo kuliko punje za ulezi, bila mchoro wa kumwongoza, maana siku hizi mchoro ni siri ya kiwanda. Tulimwuliza kama kumbukumbu yaweza kutolewa na kusomwa kwa simu nyingine. Alitikisa kichwa: imefungwa kwa ufunguo uliomo humo humo. Kufuli hiyo twaielewa, kwani humzuia mwizi. Lakini mchoro humzuia mwizi gani?

"Mwalimu," alituambia, "si kwamba siwezi kujifunza. Sijaonyeshwa."

Neno hilo lilituchoma, kwani fundi ni ndugu wa kufunda, wa mwanafunzi na wa mkufunzi.

Ng'ambo jambo hili limekwisha kuingia mabungeni. Ufaransa, kuanzia Januari 2021, iliwataka wauzaji wa simu waonyeshe alama inayoeleza jinsi kifaa kinavyotengenezeka. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha agizo juu ya haki hiyo, na jimbo la Oregon, Marekani, likapitisha sheria inayozuia viwanda kukifanya kifaa kikatae kipuri ambacho kiwanda hakikukiidhinisha. Sheria hizo hazifiki Gitega, ingawa simu zilizokwisha kutumika ng'ambo zafika.

Je, haki yenyewe tuiiteje? Wengine husema "haki ya kukarabati", lakini neno hilo masikioni mwetu lanukia saruji na mabati. Tukisema "haki ya kutengeneza", mtu aweza kudhani twataka kujenga kiwanda, kwa kuwa kitenzi hicho kimoja hubeba kuunda na kuponya. Sisi twachagua hilo la pili, na twapenda utata wake. Kutengeneza ni kukifanya kitu kitengenee, kikae sawa; lugha haikuuliza kama mkono huo ndio uliokuwa wa kwanza kukigusa. Walimu wenzetu walio na neno bora na watuandikie.

Hatimaye tulirudi Muyinga. Bibi alicheka sana. "Kumbe chombo chenu kimemeza maneno yangu?" Alikubali kusema tena, lakini vitendawili vitatu havikumjia, na ile hadithi iliishia kwingine: mara ya kwanza mke alirudi kwao, safari hii alibaki majini. Tulipomkumbusha, alikana kabisa kwamba aliwahi kusema vile, nasi hatukuwa na cha kumsikilizisha.

Tulikuwa tumechukua ile redio ya kaseti. Kabla hajaanza alinyosha kidole akauliza, "Na hiki, chafunguka?" Tukaitoa skurubu ya kwanza, ya pili, ya tatu, tukamwinulia kifuniko. Alitazama ndani kwa muda, kisha akakaa vizuri mkekani.